Kanga: ndege au kujifunga?

Mama wa Mombasa aliingia duka moja Kariakoo akaomba leso. Muuzaji akamtolea kitambaa cha kufutia jasho. Hakuna aliyekosea. Mombasa na Lamu, leso ni lile vazi la doti, kipande cha kujifunga na kipande cha kujitanda. Dar es Salaam na Unguja vazi hilo ni kanga, na leso hukaa mfukoni.

Asili ya leso haina ubishi: ni lenço ya Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kutimuliwa humo mwaka 1698. Wenyewe wakaondoka, neno likabaki. Karne ya 19 ikielekea ukingoni, wanawake wa pwani walinunua leso sita ambazo bado hazijatenganishwa kwenye jora, wakazikata tatu tatu, kisha wakaziunga kwa sindano zikawa shuka moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaleta kitambaa kizima chenye pindo na mji, yaani sehemu ya katikati. Jina, yaani yale maandishi, likafuata.

Ugomvi uko kwenye kanga. Wengi wetu tumekuzwa na hadithi ya ndege: vitambaa vya mwanzo vilikuwa na vidoa vyeupe kwenye weusi, kama manyoya ya kanga. (Wapo wanaoongeza kwamba wanawake waliovaa sare hupiga kelele kama kundi la kanga. Hiyo naiachia baraza la wanaume.)

Wengine wanakwenda kwenye kitenzi cha kale cha Kibantu chenye maana ya kufunga. Kilingala bado kinacho: kokanga. Na kanga hujifungwa, kwa hiyo hoja inavutia. Ila kwa Mswahili kufunga ni kufunga. Ukimtajia kukaanga atawaza samaki. Tena vazi likitoka kwenye kitenzi, Kiswahili hupenda kulivika kiambishi: kutanda kumezaa mtandio. Hapa ningetarajia mkango au kikango.

Kuna na matamshi. Watu wa Mvita, yaani Mombasa, huitamka k hiyo kwa pumzi, ndiyo maana wengine huandika khanga. Pumzi hiyo ni alama ya n iliyomezwa zamani mwanzoni mwa neno, na ndege naye hutamkwa vivyo hivyo. Haikati shauri, maana jina la kitenzi nalo lingeweza kuingia ngeli hiyohiyo. Lakini ndege alikuwepo vichakani tangu zamani akiwa na jina lake, ambalo Wakikuyu na Washona wanalo kama hanga. Mimi nipo upande wa ndege.

Mtu ataniuliza: mbona kanga za leo zimejaa maua na korosho, vidoa viko wapi? Jina halilazimiki kumfuata aliyelizaa. Leso ya Mombasa ina urefu wa karibu mita moja na nusu, na hakuna anayepengea kamasi humo.