Mbu Hafuati Damu Tamu

Nilikulia Muheza, mkoani Tanga, katika nyumba ambayo jioni sote tulikaa nje juu ya mkeka tukingoja ugali uive, na kila jioni palikuwa na sauti moja isiyokosekana: dada yangu akijipiga makofi kwenye vifundo vya miguu. Kufikia wakati wa kulala miguu yake ilikuwa imejaa vinundu, ambavyo alivikuna mpaka vikatoa maji. Kaka yangu, aliyekaa kwenye mkeka uleule bega kwa bega naye, hakuwa na kinundu hata kimoja. Bibi alikuwa na maelezo ya jambo hilo, na naamini aliyarithi kwa bibi yake: "Mjukuu wangu, wewe una damu tamu." Kwa kuwa katika chumba cha watoto chandarua kilikuwa kimoja, na kitanda kilichofunikwa nacho kilikuwa chembamba, aliyepewa nafasi hiyo alikuwa dada. Kaka alilala chini kwenye mkeka, bila chandarua, kwa miaka mingi, kwa sababu mbu hawakumtaka, na yeye ndiye aliyepelekwa zahanati kwa malaria karibu kila masika.

Sijaacha kuyafikiria mambo hayo mawili kwa pamoja, yaani mtoto asiyeumwa na mbu na malaria yake ya kila masika. Neno "damu tamu" bado linasemwa majumbani mwetu, hata na watu waliosoma, na kwa maoni yangu ni neno linalotufanya tugawe kinga vibaya chini ya paa moja.

Tuanze na utamu wenyewe. Sukari anayoihitaji mbu huipata kwenye maua na majimaji ya mimea, na hivyo ndivyo anavyoishi mbu dume maisha yake yote pasipo kumuuma mtu. Jike peke yake ndiye anayeuma, na anachokitafuta katika damu ni protini ya kukuzia mayai. Tena hawezi kuionja damu kabla hajafika. Wakati anapochagua amwendee nani, yeye yuko gizani mita kadhaa kutoka tulipo, na damu yetu iko chini ya ngozi. Kinachomfikia huko aliko ni pumzi zetu, kisha harufu ya ngozi, na akikaribia zaidi, joto na unyevunyevu wa mwili. Hewa ukaa tunayoitoa humwamsha na kumwelekeza alipo kiumbe anayepumua, lakini ng'ombe naye hupumua, tena hutoa hewa hiyo kwa wingi kutuzidi, kwa hiyo pumzi pekee haitoshi kumjulisha mbu kwamba aliye mbele yake ni binadamu. Kinachomjulisha ni ngozi.

Ngozi ya kila mtu ina bakteria wengi wanaoishi juu yake, wakila jasho na mafuta yake na kuyageuza kuwa harufu, ambazo nyingi hata pua zetu hazizitambui. Watu wawili wanaweza kuoga kwa maji ya kisima kimoja na sabuni moja, wakala chungu kimoja, na bado kila mmoja akabaki na harufu yake. Watafiti wa Uholanzi waliochunguza wanaume 48, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2011, waliona kwamba wale waliopendwa zaidi na mbu wa malaria walikuwa na bakteria wengi zaidi kwenye ngozi, ila wa aina chache. Mwaka 2015 watafiti wa London wakaonyesha kwamba mapacha wanaofanana kabisa huwavutia mbu kwa kiwango kinachokaribiana kuliko mapacha wasiofanana, jambo linaloashiria kwamba sehemu ya tofauti hii tunazaliwa nayo. Na mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, watu waliojitolea walivalishwa soksi za nailoni mikononi, chini ya kiwiko, kisha soksi hizo zikashindanishwa mbili mbili mbele ya mbu wanaoeneza dengi. Aliyewavutia zaidi aliwavutia karibu mara 100 kuliko aliyewavutia kidogo zaidi ya wote, na tofauti hiyo haikufutika hata baada ya miaka kupita. Waliopendwa walikuwa na asidi nyingi zaidi za jamii ya kaboksili kwenye ngozi, ambazo zimo katika mafuta yanayolainisha ngozi ya kila mmoja wetu.

Kwa hiyo bibi yangu hakukosea kuona kwamba watu hawafanani mbele ya mbu. Alikosea mahali pa kuiweka tofauti hiyo.

Katika Bonde la Kilombero jambo hili limejulikana siku nyingi, na si kwa njia ya maabara peke yake. Wanaofanya kazi ya kukamata mbu kwa ajili ya utafiti hukaa usiku kucha ndani na nje ya nyumba, suruali zimekunjwa mpaka magotini, kurunzi mkononi na mrija wa kufyonzea mbu mdomoni, wakimnasa kila mbu anayetua mguuni kabla hajauma. Mtu hakai nyumba moja siku zote; huzungushwa kutoka nyumba hii kwenda ile, kwa sababu akiachwa mahali pamoja, hesabu ya mbu wa nyumba hiyo itakuwa pia hesabu ya mvuto wake yeye. Ninauheshimu sana utaratibu huo, kwa kuwa ndani yake mna ukiri wa wazi kwamba mwili wa mtu ni sehemu ya kipimo.

Huko huko Kilombero ndiko ulikofanyika utafiti ambao, kwangu mimi, unaimaliza hoja ya damu tamu. Fredros Okumu na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara walichanganya hewa ukaa, amonia na asidi zinazopatikana kwenye ngozi ya binadamu, wakauweka mchanganyiko huo ndani ya kibanda kisichokuwa na mtu, na katika kibanda kingine wakamlaza mtu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: kibanda cha harufu kiliwavuta mbu mara 3 hadi 5 kuliko kile kilicholala mtu. Ndani yake hamkuwa na tone la damu, tamu wala chungu.

Wapo pia wanaotaja kundi O la damu. Utafiti mmoja wa mwaka 1972 uliipa hoja hiyo nguvu, lakini zilizofuata hazikukubaliana, na mimi nisingependa mzazi yeyote apange malazi ya watoto wake kwa kufuata makundi ya damu. Vitunguu saumu na vidonge vya vitamini B havina ushahidi wa kutegemewa. Kivumbasi, ambacho wazee wetu walikipanda karibu na mlango au kukitia motoni jioni, kina nguvu kiasi ya kuwafukuza mbu, na sioni sababu ya kukidharau, mradi kisichukue nafasi ya chandarua.

Sasa nirudi kwa kaka yangu, kwa maana hapo ndipo penye uzito.

Kinundu tunachokikuna hakitokani na tundu la sindano ya mbu. Mbu anapouma hutema mate ndani ya ngozi ili damu isigande, na mwili unapoyatambua mate hayo kuwa ni kitu kigeni, hujibu kwa kuvimba na kuwasha. Miili haijibu kwa namna moja. Wengine huvimba kwa kuumwa mara moja tu, na wengine, hasa walioumwa mara nyingi kwa miaka mingi, mwili huzoea, ukaacha kutoa taarifa. Vinundu, kwa hiyo, vinaonyesha jinsi mwili wa mtu unavyopambana na mate ya mbu. Idadi ya mbu waliokuja ni suala jingine. Asiyewashwa anaweza kuwa ameumwa usiku kucha.

Nakumbuka vizuri ukuta wa chumba chetu. Ulikuwa umepakwa chokaa, na asubuhi, juu kidogo ya mkeka aliolalia kaka, tulikuta mbu 4 au 5 wamebandana na ukuta, wazito, matumbo yametuna na kuiva wekundu, hawawezi hata kuruka mbali. Tulikuwa tukishindana kuwabonyeza kwa kidole gumba, na kila mmoja aliacha doa la damu juu ya chokaa, hata ukuta ule ukawa na madoa ya kahawia yasiyofutika. Dada alikuwa ndani ya chandarua. Katika chumba kile hapakuwa na mwingine aliyelala nje ya chandarua isipokuwa kaka. Si bibi, si mama, wala sisi watoto, aliyewahi kuuliza damu ile ilikuwa ya nani.

Tena mbu wa jioni barazani si lazima awe mbu wa usiku chumbani. Wengi wanaotusumbua mapema jioni ni wa jamii nyingine, wale wanaozaliana kwenye mashimo ya vyoo na mitaro, ambao katika ukanda wa pwani ndio hasa wanaoeneza matende na mabusha. Anofelesi, anayebeba malaria, kwa kawaida huja zaidi usiku umekwenda, watu wamelala na hakuna mkono wa kumpiga. Kumhukumu mtoto kwa makofi aliyojipiga saa 1 jioni, kisha kumnyima chandarua saa 8 usiku, ni kuchukua ushahidi wa mdudu mmoja na kuutumia kwa mwingine.

Kama kuna watu katika nyumba ambao mbu huwapenda zaidi, na tunataka kuwajua kwa hakika, wa kwanza ni mama mjamzito. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wajawazito waliwavutia mbu wa malaria mara 2 kuliko wanawake wasio na mimba. Mjamzito alitoa pumzi nyingi zaidi kwa asilimia 21, na joto la tumbo lake lilizidi la wenzake kwa nyuzi 0.7. Kazi iliyofuata huko huko iliongeza jambo ambalo kila mwanamke aliyebeba mimba analijua bila kufundishwa: wajawazito hutoka kwenye chandarua usiku kwenda haja ndogo mara nyingi zaidi. Yule anayefuatwa zaidi, basi, ndiye pia anayelazimika kutoka nje ya kinga mara nyingi zaidi, na ndiye ambaye malaria yake inaweza kumletea upungufu wa damu na kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo.

Wa pili hatumdhanii, kwa sababu mara nyingi haonekani mgonjwa. Magharibi mwa Kenya, mwaka 2005, watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba watoto waliokuwa na vimelea vya malaria katika ile hatua inayoweza kuingia kwa mbu waliwavuta mbu karibu mara 2 kuliko wenzao. Walipotibiwa, tofauti ikatoweka. Maana yake ni kwamba kimelea humbadilisha mwenyeji wake awe kivutio, wakati huohuo kinapokuwa tayari kusafiri kwenda kwa mtu mwingine. Ninapomwona mzazi akiacha kumpa mtoto dawa mseto siku ya pili kwa sababu homa imeshuka, na kuviweka vidonge vilivyobaki juu ya kabati kwa ajili ya siku nyingine, huumia moyoni, kwani mtoto huyo anaweza kuendelea kuwaita mbu ndani ya chumba wanacholala wadogo zake.

Watu wazima pia huumwa zaidi kuliko watoto wadogo, kwa kuwa miili yao ni mikubwa na pumzi zao ni nyingi, lakini mtoto aliye chini ya miaka 5 ndiye asiyejenga kinga bado, na ndiye anayekufa. Kwa hiyo hata tukimjua kwa yakini anayeumwa sana, bado hatujajua nani alale wapi. Mgawanyo wa chandarua unatakiwa uzingatie nani atadhurika zaidi, na kama vyandarua vinatosha, kusiwe na mgawanyo wowote.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimu wifi yangu, mke wa kaka huyuhuyu, akiwa na mimba ya miezi 7. Chandarua walipewa kliniki, nacho kilikuwa juu ya kitanda chao kama ilivyotakiwa. Kaka alilala upande wa ukutani na wifi upande wa nje, ili aweze kuamka. Nilipomuuliza huamka mara ngapi, aliniambia mara 3, pengine 4, na kwamba choo kiko nyuma ya nyumba, hatua kama 30, na kwamba arudipo huwa hana nguvu ya kuinama kuchomeka tena pindo chini ya godoro. Niliinua pindo hilo mchana ule. Ndani yake, kwenye kona ya miguuni, walikuwapo mbu 2 walioshiba.

Kaka alinunua ndoo yenye mfuniko siku hiyohiyo, ikawekwa chumbani, na tangu hapo yeye ndiye anayeamka na kuchomeka pindo kila mkewe anaporudi kitandani. Ningependa muuguzi wa kliniki, baada ya kumuuliza mjamzito kama ana chandarua, amuulize pia anatoka nje mara ngapi usiku, na ni nani anayelifunga pindo nyuma yake.