Mnaona Shangingi, Mimi Naona Diski

Mwenzenu namiliki Land Cruiser 80, lile shangingi la wakubwa wa miaka ya tisini. Mtaani naitwa Mheshimiwa. Hata muuza chipsi hanirudishii chenji, eti Mheshimiwa hahesabu mia mbili. Basi ngojeni niwaeleze huu uheshimiwa unavyokula hela.

Usukani ulianza kutetemeka. Ukitembea tu, shwari. Ukanyage breki ukiwa themanini, mikono inacheza mdundiko. Tulikuwa tunatoka Iringa, tunashuka Kitonga, mama mkwe nyuma akaanza kukemea pepo. Pepo gani, Mama? Ni diski, yale masahani ya chuma yanayobanwa na breki gurudumu lisimame!

Hili gari likiwa tupu tu lina zaidi ya tani mbili. Mpakie mama mkwe, mashemeji na magunia ya viazi, halafu uelekee mteremkoni, uone breki zinavyoteseka. Ndiyo maana mimi nashuka na gia nzito. Shemeji analalamika, "Shem, mbona gari linalia hivyo?" Lilie tu, shem, linalilia breki zangu. Tukifika chini nasimama kupumua, kabla sijafungua mlango vijana wa kuosha magari washamwaga ndoo ya maji ya baridi kwenye magurudumu yanayofuka moshi. Chuma cha moto, maji baridi! Kisipopinda hapo kitapinda lini?

Jirani yangu, ambaye hana gari lakini ana ushauri, kasema diski nizichonge tu, zisawazike. Sawa. Nikachukua tambara lenye petroli, nikasugua kutu kwenye diski mpaka maandishi yakatokea: unene wa mwisho unaoruhusiwa, umegongwa kwenye chuma chenyewe. Fundi akashangaa, miaka yote anafungua diski hajawahi kuyaona. Tukapima, tukakuta zimeshapita huo mwisho kitambo. Uchonge nini hapo, uchonge hewa?

Nikaenda Gerezani, mtaa wa spea pale Dar, siyo jela. Muuzaji hakuangalia diski niliyobeba kwenye mfuko wa salfeti, alichungulia nje kuona nimekuja na nini. Nilikuja na bodaboda, kwa hiyo bei ilianza vizuri. Nilipotaja 80, akavuta kiti akakaa. "Bosi, gari kama lile nalo unaulizia bei?" Na haziuzwi moja moja, ni pea, maana ukibadilisha upande mmoja gari linavuta kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Na pedi mpya juu, vile vibao vinavyobana diski, kwa sababu za zamani zimeshachimbika kwa kufuata diski mbovu.

Kwenye vigari vya wenzangu, fundi anatoa tairi, anatoa kalipa, diski hiyo mkononi, chai haijapoa. Langu? Diski za mbele zimefungwa kwa nyuma ya habu, kile kitovu kinachoshika gurudumu. Lazima utoe habu nzima, na beringi zake, na grisi yake, na sili zake. Ndani kuna nati inayotaka boksi, ile spana ya kuvisha juu ya nati, ya namba 54. Nikamuuliza fundi, boksi unayo? Akasema "ipo", akatoa patasi na nyundo. Ngo! Ngo! Ngo! Kila pigo nalisikia mfukoni. Nati imeumbwa na pembe zake, ikatoka duara.

Halafu ikaja ile orodha. Bosi, grisi imeisha. Bosi, sili za zamani hazirudi. Bosi, mafuta ya breki. Bosi, dogo hajanywa soda. Dogo mwenyewe kazi yake ilikuwa kushika tochi, na muda mwingi aliimulika simu yake.

Zimefungwa, usukani umetulia, fundi akaniusia nisikanyage breki kwa hasira kwa kilomita mia mbili tatu za mwanzo, pedi na diski zizoeane. Dar hii? Bodaboda wanakatiza mbele yako kama hawana wazazi, mimi nikanyage kwa upole!

Leo kamati ya harusi ya shemeji imepitisha, bila kuniuliza, kwamba bibi harusi atapanda gari langu. Nikauliza kwenye bajeti fungu la diski liko wapi, hata la mafuta. Mwenyekiti akacheka, "Shem, wewe tena? Hayo tutaongea baada ya harusi." Ila mchango wangu wanautaka kabla ya Ijumaa.