Kunyanyua Hilux ya zamani: linalokwama ni tumbo au ni difu?

Kila masika yakikaribia, wenye pikapu kuukuu huku Kilombero tunaulizana swali lilelile: tuinyanyue, yaani tuipandishe chesisi juu zaidi ya ekseli, au tuiache ilivyo? Nazungumzia Hilux za miaka ya 1980 na 1990, zile za ekseli nzima mbele, mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili, na springi za bapa, yaani vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, pande zote. Ndizo bado zinatoa mpunga shambani wakati udongo mweusi umeshashika maji.

Wanaosema inyanyuliwe tusiwapuuze. Springi za gari la miaka 30 zimelala, na seti mpya ya kunyanyulia kutoka nje si bei ya mkulima wa ekari nne. Tena nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya gari la kubeba hema na jiko la safari, si magunia kumi ya mpunga. Fundi anayechagua bapa mbili kwenye springi chakavu zenye upana uleule wa sentimita 6, akazipanga chini ya bapa mama, ile ndefu ya juu, anakupa kitu kinacholingana na kazi yako.

Niliwahi kukaa kutwa nzima nikimtazama mmoja akikunja bapa upya. Alitumia nyundo tu, bapa ikiwa baridi, akigonga taratibu kutoka katikati kwenda ncha na kuipima kila mara juu ya mwenzake. Gesi ya kuchomea hakuigusa. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukikichoma mpaka kiwe chekundu ili kikunjike upesi, ugumu huo umeuondoa. Gari litasimama juu kwa muda, kisha litalala tena.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, ingia chini ya gari utazame matope yamekwaruza wapi. Kwenye ekseli nzima, difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, imeshikana na magurudumu. Nyanyua chesisi utakavyo, difu haipandi hata nukta. Kinachoipandisha ni tairi: ukitoka 205R16, yenye kipenyo cha kama sentimita 73, ukaenda 7.50R16 yenye kama 80, difu inapanda sentimita 3 na nusu, basi. Na hapo spidomita itakuambia 80 nawe unakimbia karibu 88. Kwa hiyo kama difu ndiyo inayolima tuta la katikati kwenye njia ya trekta, springi ndefu zitakusaidia tu kuipa tairi kubwa nafasi ya kuzunguka. Kama kinachogusa ni tangi au bampa, kunyanyua kuna maana. Yangu ilikuwa tangi.

Njia za mkato nazipinga. Kurefusha shekoli, vile vyuma vinavyoshika ncha ya springi, kwa sentimita 10 hukupa 5 tu. Tena zikiwa kwenye ncha ya mbele ya springi za mbele, ekseli inazunguka kidogo, usukani unaacha kurudi wenyewe na gari linaanza kutangatanga barabarani. Kuweka vipande vya kuinulia kati ya ekseli na springi za mbele ni hatari, kwa sababu ukikanyaga breki ekseli inataka kujizungusha. Nyuma, kipande cha chuma kizima chenye tundu la kushika kichwa cha boliti ya katikati ya springi kinavumilika. Cha mti, hapana.

Linalonisumbua zaidi ni breki. Juu ya ekseli ya nyuma, Hilux nyingi kati ya hizi zina vali ya breki yenye fimbo. Ukipakia, chesisi inashuka, fimbo inasukumwa, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ukinyanyua nyuma bila kuigusa fimbo, vali inadhani gari halina mzigo. Yangu ilinyanyuliwa sentimita 7 na hakuna aliyeniambia. Nililijua kwenye mteremko, magunia yakiwa nyuma: pua ilizama, magurudumu ya mbele yakaserereka, ya nyuma yakaendelea kuzunguka. Dawa ilikuwa kipande cha chuma cha sentimita 7 na boliti mbili, kupandisha mahali fimbo inaposhikwa kwenye ekseli.

Paipu za breki nazo zipimwe ekseli ikiwa imening'inia kabisa, si gari likiwa limesimama. Propela shafti, ile inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, iangaliwe pembe yake.

Anayesema kila mtu anyanyue gari lake apendavyo anasahau siku ya gulio. Juu ya magunia wanakaa akina mama na watoto, na kila sentimita uliyoongeza imepandisha uzito wote huo. Kwenye kona, pikapu inayoinama kidogo ikiwa tupu inainama vibaya na watu kumi juu. Ndiyo maana naunga mkono sentimita 5 kwa springi zilizokunjwa vizuri, vali ikiwa imerekebishwa. Zaidi ya hapo sioni faida inayolingana na hatari.

Yangu nimeishusha kutoka 7 hadi 5, na kipande cha vali nikakikata kulingana nayo. Tairi ni zilezile 205. Tangi haligusi tena. Tuta likizidi, nashuka na jembe.