Kuhesabiwa ni jambo moja, kupiga kura ni jingine

Matokeo ya sensa ya Marekani ya 2020 yalipotangazwa, New York ilipoteza kiti kimoja katika Baraza la Wawakilishi, ambako viti hugawiwa majimbo kwa idadi ya watu, kwa upungufu wa watu 89. Kama wangepatikana hao 89 na majimbo mengine yakabaki yalivyo, kiti kisingeondoka. Kiti cha mwisho kilibaki Minnesota, jimbo wanamoishi Wasomali na Wakenya wengi. Mtu akiniambia sensa ni fomu tu za serikali, huanza kumjibu kwa namba hiyo.

Kesi zinazowahusu wahamiaji Marekani zinabeba maswali mawili: nani ahesabiwe, na nani apige kura. Wanasiasa huyachanganya makusudi, na sisi huku kwenye magrupu yetu ya WhatsApp tunayachanganya kwa hofu. Naona kila swali lina jibu lake, na majibu hayafanani.

Tuanze na kuhesabiwa. Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1868, yanasema viti vigawanywe kwa kufuata jumla ya watu walioko katika kila jimbo. Yanasema watu, hayasemi raia. Maneno hayo yaliandikwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kufuta hesabu ya zamani iliyomchukulia mtumwa kuwa tatu ya tano ya mtu. Machi 2018, Waziri wa Biashara Wilbur Ross alitangaza kwamba sensa ya 2020 itamuuliza kila mkazi kama ni raia. Sababu aliyotoa ni kwamba Wizara ya Sheria inahitaji takwimu hizo ili kulinda haki za wapiga kura walio wachache. Majimbo, miji na mashirika ya haki za wahamiaji yakaenda mahakamani. Tarehe 27 Juni 2019, Mahakama ya Juu ililizuia swali hilo, na Jaji Mkuu John Roberts akaandika kwamba sababu iliyotolewa inaonekana kuwa ya kubuniwa.

Wengi wetu tulishangilia, tukasahau nusu ya pili ya hukumu. Mahakama haikusema ni haramu kuuliza uraia. Ilisema Katiba inaruhusu, ila serikali haiwezi kuficha sababu yake ya kweli. Na wanaolitetea swali hilo wana hoja. Liliwahi kuulizwa katika sensa za zamani za Marekani, na mpaka leo linaulizwa kila mwaka katika utafiti mwingine wa Ofisi ya Sensa. Kenya ilipohesabu watu 2019, kila mtu aliulizwa kabila lake au utaifa wake. Nchi kutaka kujua ina raia wangapi si dhambi.

Kilichonifanya nisimame upande wa walioshtaki ni mambo mawili. La kwanza ni Thomas Hofeller, mtaalamu wa chama cha Republican wa kuchora mipaka ya majimbo ya uchaguzi. Alipofariki 2018, binti yake alikuta mafaili yake, na ndani yake uchambuzi wa 2015 unaosema kwamba Texas ikichora mipaka kwa kuhesabu raia watu wazima peke yao, jambo linalohitaji takwimu za uraia, watakaofaidika ni Warepublican na Wazungu.

La pili nililisikia kwa masikio yangu. Aprili 2020, wakati wa korona, nilimsaidia kwa simu mama mmoja mkimbizi kutoka Kivu Kusini kujaza fomu. Maelezo ya Kiswahili yalikuwepo, lakini fomu ya mtandaoni yenyewe haikuwa na Kiswahili. Swali la kwanza lilikuwa watu wangapi wanaishi nyumbani humo tarehe 1 Aprili. Akasema sita. Nyuma yake nikasikia kichanga kinalia. "Na huyo, mama?" Akanyamaza kidogo. "Huyo naye wanamwandika?" Kisha akataja binamu yake anayelala kwenye kochi sebuleni, ambaye jina lake haliko kwenye mkataba wa nyumba. "Mwanangu, wataniuliza makaratasi yake?" Nilimwambia hawaulizi. Tulimaliza tukiwa na watu wanane. Kama swali la uraia lingekuwepo, sidhani kama angeendelea kushika simu. Sheria inakataza majibu ya sensa kutumiwa dhidi ya mtu, hilo ni kweli, lakini mwaka 1943, wakati wa vita, Ofisi ya Sensa ilitoa taarifa za Wamarekani wenye asili ya Japani. Hofu ya yule mama ina historia.

Na bila swali hilo, hesabu bado ilipinda. Ofisi ya Sensa yenyewe ilikadiria kwamba 2020 ilipungukiwa Wahispania, yaani wakazi wenye asili ya Amerika ya Kilatini, karibu 5 katika kila 100, watu weusi 3.3, na watoto wa chini ya miaka mitano 2.79. Wazungu walizidi kwa 1.64.

Upande wa pili wa mizani ni uzito wa kura. Katika kesi ya Evenwel, wapiga kura wawili wa Texas walilalamika kwamba maeneo ya uchaguzi ya seneti ya Texas yakilingana kwa idadi ya watu, tofauti ya wenye haki ya kupiga kura inafika zaidi ya asilimia 40. Kura ya jirani inapima zaidi ya yangu, walisema. Si lalamiko la kipuuzi. Lakini Aprili 2016 majaji wote wanane wa Mahakama ya Juu waliokuwepo walikubali kwamba Texas inaweza kuhesabu watu wote. Mbunge huwakilisha pia mtoto, na mtu mwenye grini kadi anayelipa kodi.

Kwenye kura yenyewe, msimamo wangu unabadilika. Jiji la New York lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wasio raia wapatao 800,000, wenye grini kadi au kibali cha kazi, kupiga kura katika chaguzi za jiji tu. Naipenda hoja yao: watoto wao wanasoma shule za jiji, na hadi 2002 wazazi wasio raia walikuwa wakichagua bodi za shule hukohuko. Lakini Machi 2025 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliifuta kwa kura 6 dhidi ya 1, kwa sababu katiba ya jimbo inamtaja raia. Nadhani mahakama ilisoma sawasawa. Anayetaka vingine abadilishe katiba ya jimbo. Na yeyote mwenye grini kadi asijaribu kura ya kitaifa hata akisukumiwa fomu ya kujiandikisha: anaweza kushtakiwa na kufukuzwa nchini.

Agosti 2025 Rais Donald Trump alisema ameagiza kazi ianze ya sensa mpya isiyowahesabu walioko nchini bila kibali. Mwaka 2020 alijaribu kuwatoa katika hesabu ya viti, na Mahakama ya Juu ikaitupa kesi ile kwa kusema ni mapema mno, bila kugusa kiini. Kiini hicho kikirudi mahakamani, watakachosoma majaji ni maneno yaleyale ya 1868, jumla ya watu, na binamu wa kwenye kochi ni mmoja wao.