Kabla ya Kukopa Mashine ya Alizeti, Hesabu Magunia

Katika halmashauri za Dodoma, kikundi kinapoandika andiko la kuomba mkopo, mashine ya kukamua alizeti haiko mbali. Fedha zipo kisheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea 2024. Sasa swali ni kama mashine ndiyo inayomtoa mtu kwenye umaskini.

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mkulima anayeuza alizeti ghafi mwezi Juni anampa mwingine faida ya mafuta na ya mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua. Mashine ya kukamua kwa mkono aliyoibuni Carl Bielenberg hapa Tanzania miaka ya 1980 ilikusudiwa kuziba pengo hilo vijijini kusikokuwa na umeme. Na teknolojia imewahi kuwainua maskini: Kenya, utafiti wa wachumi Tavneet Suri na William Jack uliotolewa 2016 ulikadiria kuwa M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 kwenye umaskini uliokithiri. Ila M-Pesa ilimpunguzia kila mtu gharama ya kutuma pesa. Mashine ya mafuta inakaa kwa kikundi kimoja, ikisubiri malighafi.

Na malighafi ndiyo shida. Mashine ya kilo 150 kwa saa, ikifanya kazi saa 8 kwa siku 200, inameza tani 240. Eka moja ya Record, aina ya mbegu ya alizeti iliyorudiwa shambani miaka mingi, ikitoa kilo 400 mvua ikiwa nzuri, zinahitajika eka 600. Tufanye kilo ni shilingi 800, kwa mfano tu: kununua zote ni shilingi milioni 192, na sehemu kubwa inatakiwa ndani ya miezi michache ya mavuno. Mkopo umeishia kwenye mashine na kuvuta umeme wa njia tatu. Kikundi kinabaki kuwakamulia wengine alizeti yao kwa ada, kisha kinafunga milango kabla ya Desemba huku marejesho yakiendelea kudaiwa.

Pesa nyingine inapotea ndani ya mashine yenyewe. Alizeti ikipigwa juu ya udongo inabeba mchanga, mchanga unakula skrubu inayokandamiza mbegu na vyuma vinavyoizunguka, nafasi inapanuka, mafuta yanabaki kwenye mashudu. Finya mashudu mkononi: yakiacha mafuta kiganjani, unauza mafuta yako kwa bei ya chakula cha kuku. Dawa yake ni rahisi mno kwa hasara inayozuia: kupigia juu ya turubai, kuchekecha, na kuweka sumaku mdomoni pa mashine ili inase misumari. Alizeti yenye unyevu unaozidi asilimia 10 nayo isiingie stoo, maana itaota ukungu na mafuta yatachacha mapema. Yatachacha pia yakipangwa juani barabarani kwenye chupa zinazopitisha mwanga, hata kama yalikamuliwa vizuri.

Tafiti za mikopo midogo katika nchi sita, zilizochapishwa pamoja 2015, zilionyesha kuwa biashara nyingine zilikua lakini kipato cha kaya kwa wastani hakikupanda sana. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa nchi sita, Ethiopia na Ghana zikiwemo, uliona maisha ya kaya maskini yakiimarika, na nafuu ikabaki hata mwaka mmoja baada ya mradi kuisha. Kaya hizo zilipewa mali ya kuzalisha, posho ya chakula, mafunzo, na mtu wa kuzitembelea mara kwa mara. Kwangu hilo ndilo funzo kwa Kongwa na Bahi, wilaya za Dodoma: mali bila mtaji wa kuizungusha na bila ufuatiliaji inachoka haraka. Tena bei inaamuliwa pia bandarini. Mawese ya nje yakiingia kwa ushuru mdogo, mkamuaji wa kijijini hana pa kujificha.

Afisa maendeleo ya jamii anayepokea andiko aulize kwanza majina ya wakulima, eka zao, mbegu watakayopanda, na stoo iko wapi. Eka zikiwa 100, kikundi kikamulie kwa ada kwenye mashine ya jirani, na mkopo ununue mbegu bora, maturubai na magunia ya kuhifadhi.