Mtori wa Mzazi Asiye na Mtoto

Naenda Dar nina kilo 84. Narudi Moshi, baada ya kulipa hela ya kununua kihamba kizima, shamba la migomba, ili ninyonywe mafuta tumboni, nina kilo 88.

Niliyajua haya kwa kijana wa mzani pale Mbuyuni, anayepima kwa shilingi mia mbili. Nikamwambia mzani wake mbovu. Akapanda yeye: 61. "Mimi ni huyuhuyu tangu Krismasi, mama." Nikavua kandambili, nikaweka pochi chini, nikapanda tena. 88. Na mia mbili nyingine akaidai.

Nikampigia daktari. Akacheka kwanza, ndipo akaeleza: kabla ya kunyonya mafuta humwagia humo ndani maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi, na mwili uliojeruhiwa nao huvuta maji yake. Siku za mwanzo ndiyo unafura zaidi. Umbo lenyewe nisubiri miezi mitatu, hata sita. Nitembee kidogo kidogo, nisivue vazi la kubana, nipunguze chumvi. Wao wamenijaza maji ya chumvi, halafu mimi ndiye wa kupunguza!

Sasa, mtaani nilikuwa nimeaga naenda semina. Wakaniona nimerudi miguu imevimba, natembea nimeinama, nikitaka kukaa nashika kwanza ukuta. Jioni ileile mama mkwe akashuka kutoka Kibosho na sufuria la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama anayopikiwa mzazi, limefungwa kwa kanga mpya.

"Mama Neema mwanangu, hata mimi umenificha?"

"Shikamoo mama. Nimekuficha nini?"

Hakujibu. Alifunua shuka upande wa ukutani, akainua mto, akachungulia nyuma yake. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mtoto!"

"Mama, nina miaka 49!"

"Sara alikuwa na 90."

Akanipapasa tumbo, akakuta lile vazi. "Afadhali wamekufunga. Ila hawajui kufunga." Akakunja kanga, akaizungusha kiunoni kwangu, akaweka goti kitandani apate nguvu, akavuta. Yowe nililopiga lilimaliza ubishi wote kwa majirani. Baba Neema alitoka kwenda kuangalia kuku. Hatuna kuku.

Ikabidi niseme ukweli. Mama akakaa kimya kitambo, mwiko mkononi.

"Mafuta? Umelipa watu wakutoe mafuta?"

"Ndiyo, mama."

"Na migomba yangu imejaa magugu! Si ungekuja kulima?"

Hata hivyo mtori alinipakulia. Mzito, nyama imechambuka yenyewe, na chumvi ya mkono wa Mama haina kipimo. Nilikula bakuli tatu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Asubuhi nikatoka kutembea kama nilivyoagizwa, miguu ikanipeleka Mbuyuni. Yule kijana aliponiona kwa mbali, akaunyanyua mzani wake na kuuficha chini ya meza ya muuza vitunguu.