Kijiwe kimegeuka ofisi ya Lakers

Jamani, hivi kijiwe chetu cha kahawa hapa Kariakoo kimekuwa lini ofisi ya Lakers, ile timu ya kikapu ya Marekani? Kila siku mtu anabadilisha wachezaji: toa watatu wa benchi, lete nyota mmoja. Kirahisi tu! Kwani huko Marekani wamerogwa? Ukimwambia kwenye NBA, ligi yao ya kikapu, mishahara ya wanaobadilishana huwa inatakiwa ikaribiane, anakuuliza, "Wewe ndo unawalipa?" Akibanwa anakimbilia Februari 2025: "Mbona timu ya Dallas walimtoa nyota wao Luka Dončić wakamchukua Anthony Davis wa Lakers?" Hapo nanywea, maana ile hata mimi nikiwa na malaria nisingesaini. Na mtaalamu mwenyewe mechi haangalii, saa tisa usiku anakoroma! Kahawa yenyewe anakunywa kwa mkopo.